Mama Amekataa

Maskati, 9 Februari 2024

Balqees, mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa ofisini, mlango nimeufunga. Kwenye simu ulikuwa unalia na mke wangu analia, nami sikuweza kukueleza kitu kikaeleweka.

Mama ni mzima. Anza na hilo, kisha usome yaliyobaki.

Jumanne baada ya Alasiri alikuwa juu ya paa anamwagilia asumini zake. Nabukalu, yule msichana wa Kiganda aliyeanza kazi kwetu baada ya wewe kuondoka, alimkuta ameketi chini, ameroa jasho, anasema kuna mtu kamkalia kifuani. Wakamteremsha wawili, yeye na mke wangu, wakamtia garini, na haikuchukua muda alikuwa juu ya meza yetu pale hospitali. Mwenzangu Dk. Hatem ndiye aliyemzibua mshipa wa moyo akamwekea stenti ili usizibe tena. Mimi sikuruhusiwa kumgusa, nikasimama nyuma ya kioo. Kazi hii naifanya kila siku, lakini sijapata kuitazama nikiwa mtoto wa mgonjwa. Mshipa ulikuwa umeziba kabisa, kisha nikaiona damu inapita. Wallahi nililia, na Hatem akajifanya hakuona.

Sasa yuko nyumbani kwetu, Madinat Sultan Qaboos. Nimemhamishia chumba cha chini ili asipande ngazi. Hatem amemaliza kazi yake. Kuanzia sasa matibabu yake nimeyachukua mimi mwenyewe.

Usirudi. Hospitali imekupeleka Kuala Lumpur ujifunze mazoezi ya wagonjwa wa moyo, na ukirudi kile chumba chetu cha mazoezi ni chako, utakiongoza wewe. Maliza kozi. Mama mwenyewe kasema, “Mwambie asiniletee machozi yake kwenye ndege.”

Kakako,
Aflah

*

Kuala Lumpur, 21 Februari 2024

Kaka Aflah,

Mungu akulipe. Tangu baba afariki nimekuwa nikijiambia kwamba maadamu Mama yuko kwako, nyumba ya daktari wa moyo, hakuna litakalompata. Likampata, na ukawa karibu. Nashukuru.

Sasa nakuomba jambo moja, na wewe ndiye mwenye kalamu. Mpe rufaa aende mazoezi ya moyo, pale pale kwetu, kwa Sista Ghaliya. Najua unavyotutania, “kliniki ya kutembeza wazee.” Nitanie ukishampeleka.

Kaka, laiti ungekuwa hapa ukaona. Wiki iliyopita amemaliza mama mmoja muuza samaki. Siku ya kwanza aliingia ameegemea bega la binti yake, anatembea kama mtu anayekanyaga mayai. Hakuwa mgonjwa sana kwa kipimo chochote. Alikuwa na khofu. Kila moyo ulipomwenda mbio alidhani ndiyo mauti. Tukampima, tukamtembeza, tukamwacha ahema mbele yetu huku tunamtazama, mpaka akajua tofauti ya kuchoka na kufa. Siku ya mwisho aligombana na binti yake mlangoni nani abebe kikapu, na kikapu akabeba yeye.

Stenti imefungua mshipa. Haikumfundisha Mama kuuamini tena mwili wake. Hilo ni kazi yetu, na wagonjwa huja wanapoambiwa na daktari wao kwa dhati. Kwako wewe atakwenda. Wewe ukimwambia ruka, ataruka.

Nduguyo akupendaye,
Balqees

*

Maskati, 4 Machi 2024

Balqees,

Nilimwambia. Mama amekataa.

Nilikaa naye baada ya chakula cha mchana nikamweleza vizuri, kama ulivyonieleza wewe. Akaniambia, “Aflah, mimi nivae viatu vya mpira nikimbie mbele ya wanaume? Watu watasema nini?” Nikajaribu tena, machozi yakamlengalenga. Sikutaka kumbana. Unamjua, akishasema hapana ndiyo imekwisha.

Tafadhali, usimtajie. Nimemwahidi kwamba halitasemwa tena, na moyo wake sasa hautaki mabishano. Dawa anakula vizuri, presha yake nzuri. Ramadhani hii itapita, tutaona.

Wewe soma. Chumba chako kiko pale pale.

Kakako,
Aflah

*

Maskati, 18 Mei 2024

Mwanangu Balqees,

Assalaam alaykum. Nnakwandikia kwa mkono wangu, na Nabukalu atazipiga picha karatasi hizi akuletee kwenye simu. Zile simu zetu za Ijumaa si zangu. Huwekwa sauti kubwa katikati ya sebule, kila mtu anaskia, nami nnasema “sijambo, sijambo” kama kasuku.

Sijambo, lakini siishi. Ngazi nimekatazwa. Jiko nimekatazwa, ati joto. Kwenda Darsait kwa mamako mdogo Aliya nimekatazwa kwa kuwa nyumba yao haina lifti. Nikenda kuoga, Nabukalu husimama mlangoni, maskini, ananiita, “Mama, uko sawa? Mama, jibu basi!” Juzi nlinyanyua ule Msahafu mkubwa wa babako, mkwe wangu akaja mbio: “Mama, weka chini, utajiumiza!” Nikauweka. Nikaona haya, kama mtoto aliyekutwa na kisu.

Siwalaumu. Wananipenda. Kakako kanambia moyo ukishapata jeraha ni kama kikombe kilichotiwa gundi. Kitabeba chai, lakini usikigonge. Tangu hapo kila nnachofanya nnaona ndiyo nnakigonga. Miye niliyepanda Jabal Akhdhar na wasichana nliowasomesha shule, nna mimba yako, nnawaonesha mawe na mabonde kwa kidole, leo nikitoka kitandani kwenda dirishani nnauskiza moyo kwanza. Asumini zote zimekufa. Nimeskia tu, sijapanda kuziona.

Sikwandikii kukutia huzuni. Nnakwandikia kwa sababu mbili. Kwanza, kanga zangu za sandukuni ni zako, nataka ulijue mapema. Pili, nataka kujua nimekukosea nini. Tangu kabla ya Ramadhani umekuwa baridi. Nikikusemesha unajibu, “Haya, Mama,” basi. Huniulizi hata nalalaje. Nliuguza babako sijaona mtoto wangu kunipa mgongo, nakuona sasa. Kama nina kosa, nambie kabla sijaondoka.

Mamako

*

Kuala Lumpur, 20 Mei 2024

Mama yangu kipenzi,

Nisamehe. Nilikukasirikia, nikadhani umbali utanificha.

Nilikasirika kwa sababu ulikataa. Mwezi wa pili nilimwomba Kaka Aflah akupeleke mazoezi ya moyo, hii kazi ninayoisomea. Akanijibu kwamba alikaa nawe baada ya chakula, akakueleza, ukasema huwezi kuvaa viatu vya mpira mbele ya wanaume, watu watasema nini, na ukataka kulia. Akaniomba nisikutajie. Nikatii. Lakini kila Ijumaa nilipoisikia sauti yako inavyonyong’onyea, nilisema moyoni: nimekuja mpaka huku kujifunza kuwanyanyua mama za watu, na wangu mwenyewe hataki hata kunijaribu.

Mama, wewe si kikombe. Nani alikwambia usipande ngazi mpaka leo? Mgonjwa wa stenti huanza kutembea siku zile zile, polepole, kisha anaongeza. Kukaa ndiko kunakokumaliza. Kama ni viatu, kuna siku za wanawake peke yao. Nakusihi, ikubali rufaa. Kaka ataiandika ukimwambia neno moja.

Na kanga zako zivae mwenyewe.

Mwanao,
Balqees

*

Maskati, 23 Mei 2024

Balqees,

Barua yako nimeisoma, nikavua miwani nikaifuta, nikaisoma tena. Mwisho nikamwita Nabukalu nikamwambia, “Nisomee hapa, kwa sauti.” Akanisomea. Ni maneno yale yale.

Nikatae nini, mwanangu? Hakuna aliyenambia kitu.

Skiza nikwambie yaliyokuwa. Nilipokuwa wodini, kitanda cha jirani alikuwepo mama mmoja wa Kibalushi. Siku ya kuruhusiwa alikuja Sista Ghaliya, akaketi naye, akamwambia, “Daktari wako kakuandikia, utakuja kwetu kufanya mazoezi.” Kisha akapita mbele ya kitanda changu, akanisalimu kwa adabu, akenda zake. Jioni nikamuuliza kakako, “Mbona mwenzangu kaitwa mazoezini, miye sikuitwa?” Akacheka. Akanibusu kichwani. Akasema, “Yale ya wagonjwa wengine, Mama. Wewe una mtoto daktari.”

Nikafurahi! Nikamwambia yule Mbalushi, “Mwanangu kasema miye siyahitaji.” Nikajiona nimepata cheo.

Na viatu vya mpira, na watu watasema nini! Miye nlicheza netiboli mpaka nlipoolewa. Nani katika nyumba hii kanisikia kusema watu watasema nini? Kanitungia. Kakaa akafikiri, Mama angesemaje akikataa, kisha akakwandikia na alama za usemi. Nimekatazwa ngazi na jiko, nikavumilia. Hili la kutiliwa maneno mdomoni na mtoto nliyemfundisha kusema, hili halishuki.

Leo asubuhi kaja kunipima presha. Kanishika mkono, “Umeamkaje, Mama?” Nikamtazama. Nlimuona kama mtu aliyekuja kupima umeme. Sijamwambia kitu. Sijui nianzie wapi.

Mamako

*

Kuala Lumpur, 24 Mei 2024

Kaka Aflah,

Mama hakukataa. Hakuulizwa.

Usinipigie simu, kwa simu utanituliza na mimi sitaki kutulizwa. Niandikie. Nataka kuona kwa maandishi jinsi mtu anavyomwambia mama yake kwamba mazoezi ni ya wagonjwa wengine, halafu anamwambia dada yake kwamba mama amekataa, halafu anakula chakula cha mchana.

Balqees

*

Maskati, 2 Juni 2024

Balqees,

Ulitaka maandishi. Haya.

Sikumwambia. Yale maneno ya viatu niliyatunga. Siwezi kuyapamba.

Lakini nisikilize kama mtu wa kazi hii, kwa sababu nawe unaingia humo humo. Siku ya kliniki korido imejaa mpaka lifti. Mgonjwa anaingia, namsikiliza kifua, natazama dawa, na mwengine keshaufungua mlango. Nikimtajia mazoezi ataniuliza yako wapi, nani atampeleka, kazini watampa ruhusa, kuna wanawake au wanaume. Mimi majibu hayo sina. Naandika rufaa, na yeye haendi. Baada ya muda nikaacha kuandika. Mshipa uliofunguka nauona kwenye skrini. Mazoezi sijawahi kuyaona. Chuoni tulifundishwa kwa saa moja, na mwalimu mwenyewe alikuwa anataka kwenda kula. Hatem huandika akikumbushwa na wauguzi. Wengine hawaandiki kabisa. Hakuna anayesema ni kitu kibaya. Tunakiona ni kitu kizuri kuwepo, kama chungu cha maua ukumbini, na nani anakwenda kukitia maji?

Na Mama? Hiyo “kliniki ya kutembeza wazee” nimeisema kwa sauti, mbele ya watu, kwa miaka. Ningempelekaje mama yangu kwa Ghaliya? Angenipokea vipi? Na niliogopa pia, ukitaka kujua. Aanguke pale kwenye mashine, mbele ya wenzangu, kwa rufaa niliyotia saini mimi. Akiwa ameketi nyumbani najua yuko hai. Uliponiuliza, “amekataa” lilikuja lenyewe. Ndilo tunaloliandika kila siku. Mgonjwa amekataa, na ukurasa unafungwa. Mkono wangu umelizoea.

Kuna jengine, na bora ulisikie kwangu. Kile chumba hakipo. Mwanzoni mwa Machi kilikaa kikao, wakauliza nani anakitumia. Ghaliya akasema wagonjwa hawaletwi. Wakanigeukia mimi, nikasema sioni faida ya kukiweka. Kimetiwa mashine mpya ya kupigia picha za moyo, na Ghaliya amerudishwa wodini. Ajira yako haikuguswa, watakutafutia pa kukaa. Sikukwambia kwa sababu nilitaka umalize kozi na moyo umetulia.

Mama hajasema nami siku nyingi. Anaitikia salamu. Nakuomba uzungumze naye.

Aflah

*

Kuala Lumpur, 3 Juni 2024

Aflah,

Nimemuuliza Ghaliya kikao kilikaa lini. Kilikaa tarehe tatu Machi. Tarehe nne ukaniandikia kwamba chumba changu kiko pale pale.

Nimesoma sababu zako. Nazijua, hapa nazisikia kwa Kimalei. Daktari asiyefundishwa namwelewa. Daktari aliyechoka namwelewa zaidi. Wewe uliacha kuwaleta wagonjwa, kisha ukaketi kwenye kikao ukasema wagonjwa hawaji. Sababu uliitengeneza mwenyewe na ushahidi ukautoa mwenyewe. Na mgonjwa mmoja katika hao alikuwa mama yetu, na mtu uliyekuwa unamfungia mlango ni mimi, uliyeniambia nisilie, nisirudi, nimalize.

Unaniomba nizungumze na Mama kwa niaba yako. Umeshazungumza wewe kwa niaba yake, inatosha.

Usiniandikie mpaka nikuandikie.

Balqees

*

Darsait, 15 Septemba 2024

Mwanangu Aflah,

Unakuja kila Alkhamisi, unakaa, unanywa kahawa, unatazama chini, unaondoka. Aliya anasema, “Mwambieni huyu mtoto kitu au mfukuzeni.” Basi nakwandikia, maana uso kwa uso nikiyaona macho yako nnarudi kuwa mamako tu, na yaliyo moyoni hayatoki.

Uliniuliza siku ile nnafunga begi, baada ya Idd, “Mama, unakwenda Darsait kufa kwenye ngazi?” Nlikuwa nnaogopa hilo hilo. Ghorofa tatu, Aflah. Nilipumzika kila kituo. Pale kwa yule fundi cherehani ghorofa ya kwanza niliketi kwenye kiti chake nikasoma Ayatul Kursi. Nabukalu kanibebea begi, akanambia, “Mama, tukishuka tena kwa boss hakuna mtu atacheka.” Nikamwambia, “Boss huyo nlimzaa mimi.” Tukapanda.

Siku ya pili Aliya kanipeleka kituo cha afya. Daktari ni kijana, Dk. Loai, ndevu hata hazijamjaa. Akafungua khabari zangu, akashangaa. “Mama, umewekewa stenti Februari na hukupelekwa mazoezi? Kwa nini?” Nikamwambia, “Mwanangu ni daktari wa moyo.” Akadhani sikulisikia swali, akaliuliza tena kwa sauti kubwa. Nikamjibu vile vile. Akaniandikia rufaa pale pale ya hospitali nyengine, akaigeuza skrini nione anachoandika. Akasema, “Hii ni dawa kama zile nyengine. Nataka uende. Nitakuuliza ukirudi.” Basi. Hakusema zaidi ya hayo. Kumbe ni maneno machache kiasi hicho.

Siku ya kwanza nlishika vile vyuma vya mashine kwa mikono miwili. Mwalimu wetu, msichana wa Sohar, akanambia, “Mama, achia chuma.” Nikamwambia, “Nikiachia nitakufa.” Akasema, “Basi achia mkono mmoja, tufe nusu.” Wanawake wote wakacheka, nami nikacheka, na nilipomaliza kucheka mkono ulikuwa umeshaachia. Moyo ulikwenda mbio, nami nikalia kwa khofu, na yule msichana akanishika bega: “Huu ni moyo unaofanya kazi, Mama. Usikilize. Haulalamiki.” Nimeungojea usite miezi yote ile, kumbe nao ulikuwa unaningoja niinuke.

Sasa nnakwenda sokoni na kurudi. Nimepika biriani ya watu wa nyumba nzima. Ngazi napanda, kwa fundi cherehani nasimama kumsalimu tu.

Sasa skiza, maana haya ndiyo nliyotaka kuyasema. Sikukasirikia kutojua. Mwanangu ana haki ya kutojua kitu. Wala sikasirikii khofu. Nlikuwa nayo mimi zaidi yako. Kinachonichoma ni kwamba ulijua la kumwambia kila mmoja wetu. Kwa ndugu yako ulinifanya mkaidi. Kwangu ukanifanya kikombe. Na ndugu yako nikamdhania kaniacha, naye akanidhania simtaki, na wewe umekaa katikati unatupima presha. Ningalikufa mwezi ule wa Mei, Balqees angelizika mama aliyemkatalia, na miye ningelikufa nnasema binti yangu kanisahau. Ulilifikiri hilo? Nnakuuliza kweli. Nnataka uniambie hukulifikiri.

Matibabu yangu nimeyahamisha. Wewe ni mwanangu, hilo halina wa kulitangua, na mlango wa Aliya uko wazi. Udaktari ndio nimekuachisha.

Mamako

*

Maskati, 10 Novemba 2024

Balqees,

Najua hukunipa ruhusa ya kukuandikia. Usipotaka kujibu, usijibu.

Barua ya Mama imekaa mfukoni kwangu tangu Septemba. Nilikwenda Darsait nikamwambia kweli, kwamba sikulifikiri. Akasema, “Haya,” akaniletea halua kwenye sahani ya wageni. Tangu nizaliwe sijawahi kula kwenye sahani ile.

Nimeanza kuandika rufaa. Kwetu chumba hakipo, nawapeleka kule anakokwenda Mama. Nimeuliza majibu ya yale maswali yote, magari, saa, siku za wanawake. Nikadhani kilichobaki ni kusema tu.

Wiki iliyopita alikuja mgonjwa anaitwa Maan, msimamizi wa ghala moja Rusayl. Mtu wa makamo, ana watoto wadogo. Hatem alimzibua mshipa mwezi uliopita, mimi namfuatilia. Tangu atoke hospitali hajarudi kazini, hanyanyui hata mtungi wa maji, mkewe anamfunga viatu. Nilimtazama nikamwona Mama ameketi chumba cha chini. Nikamwambia yote, Balqees. Nilisema vizuri kuliko nilivyowahi kusema kitu katika chumba kile. Nikamwambia ni dawa kama dawa nyengine.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, kwa adabu, hakuwa na nia mbaya: “Daktari, angekuwa mama yako, ungempeleka?”

Nikaigeukia skrini.

Ilikuwa mara moja tu. Lakini wagonjwa wanatusoma usoni kama tunasema kwa dhati, na dhati ndiyo uliyoniambia wewe mwenyewe tangu barua ya kwanza. Nikasema, “Ndiyo, bila shaka,” na sauti yangu haikuwa yangu. Akasimama, akanipa mkono, akasema, “In sha Allah, daktari.” Ile in sha Allah ya mtu asiyekuja.

Nimepiga simu kule kuuliza. Hakwenda.

Sijui nifanye nini, na sina mtu mwengine wa kumuuliza. Hatem atacheka.

Aflah

*

Kuala Lumpur, 12 Novemba 2024

Aflah,

Nimekuandikia kwa ajili ya Maan, si kwa ajili yako. Ya kwetu bado.

Januari narudi Maskati. Hospitali anakokwenda Mama wamenikubali, nitafanya kazi na yule msichana wa Sohar. Kwenu sitarudi, wala hutanikuta kwenye korido. Mama anajua. Kwa sasa nitakaa Darsait.

Umeniuliza ufanye nini. Mwite Maan. Usimpigie kupitia muuguzi, mpigie wewe. Aje, aketi, na mlango uufunge. Usimrudilie faida za mazoezi, ameshazisikia. Mjibu lile aliloliuliza. Mwambie una mama. Mwambie hukumpeleka, ukamsingizia kwamba kakataa, akakaa chini miezi anaungojea moyo wake usite. Mwambie alikwenda mwenyewe, kwa rufaa ya daktari mwengine, na leo anapanda ghorofa tatu, na wewe anakutolea sahani ya wageni.

Atakutazama usoni. Mwache akutazame.

Halafu muulize kama atakwenda, na safari hii atakalolijibu liandike kama alivyolisema.

Balqees